Chupa Zilizokaa Juani

Mpendwa Mshauri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kwenye maonyesho ya kilimo hapa Wirrabyn limeshinda boga la kilo sitini na moja, na mwamuzi nilikuwa mimi, mzee mzima ambaye hata nyanya zangu hukauka. Naomba msaada, maana asubuhi hiyo kabla ya maboga nilikuwa kazini nachota sampuli za maji kwenye visima karibu na kituo cha zamani cha petroli, ambacho tangi lake la chini ya ardhi lilivuja miaka mingi, na kisima kimoja ni cha jirani yangu Glenys, anayekitumia kujazia bwawa la plastiki la wajukuu wake, na chupa zile lazima zikae kwenye barafu, la sivyo petroli inatoroka hewani kama mvuke na maji mabaya yanaonekana mazuri, nami sikuwa na barafu, nikasema nitanunua maonyeshoni, nikasahau, zikakaa juani ndani ya pikapu mpaka jioni, halafu kwenye fomu nikaandika "zilipoozwa", na sasa maabara inasema kisima cha Glenys ni safi, na jana kanipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua, "Lindsay, bwana maboga! Wajukuu wanaogelea leo!" nami nikacheka naye. Nifanyeje?

Bwana Lindsay,

Pole, aibu inauma. Lakini kusahau barafu ni kosa, kuandika vile kwenye fomu ni uongo, na watoto wanaogelea ndani yake. Ulicheka nini? Weka barua hii chini, vuka ua, mwambie Glenys azime pampu sasa hivi. Kisha mpigie bosi wako, majibu yafutwe, visima vichotwe upya. Ukifukuzwa, fukuzwa.

Mshauri,

Nilivuka. Glenys alizima pampu, akawatoa watoto majini mmoja mmoja, akawafuta.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya maonyesho."

Akaingia ndani. Bosi nilimpigia, na sampuli mpya zimeonyesha petroli kisimani kwake, mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa. Ukweli wenyewe ni kwamba nilijua la kufanya kabla sijakuandikia. Nilisubiri jibu lako siku tisa, na siku zote tisa, nikiwa jikoni kwangu, niliwasikia wakiogelea.