Mvuke na Huzuni ya Jumwa

Jumatatu, 10 Februari 2025

Garama, huna haya! Dadako hawezi kushika kikombe, nawe wasimama mlangoni wasema Jumwa ni mvivu, amezoea maisha ya hoteli. Mvivu ni wewe, mwanangu, uliyeamka saa nne ukauliza chai iko wapi. Nimemwambia usoni. Akanuna. Na anune.

Lakini na Jumwa naye aniudhi. Maradhi yake twayajua – emuesi, yaani MS, ya mishipa ya fahamu, miguu yafa ganzi. Hayaponi, yatulizwa tu. Sawa. Mbona sasa hali, haogi, hamtaki hata Cynthia, mtoto wake wa kumzaa? Amegeukia ukuta. Miguu ndiyo migonjwa, mdomo je?

Jumatano, 12 Februari

Nimemfukiza. Mwarobaini, mchaichai, sufuria yatokota, blanketi mbili juu. Mzee Tsuma jirani alisema huzuni ya namna hii ni pepo, na pepo hapendi mvuke. Jumwa akalia, "Mama, sioni! Miguu sina!" Tsuma akapiga makofi – "Huyo anatoka! Mbane!" Nikabana, kwa mikono yangu hii. Kumfunua, hata kuketi hawezi. Cynthia akatufukuza sote, akammwagia mamake maji baridi. "Bibi, ukimuua utamfukiza nani?" Mtoto hana adabu.

Ijumaa, 14 Februari

Msambweni, hospitali. Macho yamerudi, miguu nusu. Daktari ni msichana, Eddah, kifaranga cha juzi. Asema joto ni adui wa emuesi. Hakuna kufukiza tena! Nikamuuliza, basi huzuni nitaitoaje? Kumbe ina jina – sonona – na yawapata wengi wenye maradhi haya. Si uvivu, si pepo. Ina dawa yake yenyewe: kidonge kila asubuhi, mshauri wa kuzungumza naye kila juma, na mazoezi kidogo jua halijawa kali. Kidonge hakifanyi kazi leo kwa kesho, chataka majuma.

"Na usimwambie ajikaze, shosho." Shosho, yaani bibi! Mimi! Hawa wa bara.

Akanivuta kando. Nikiona amekata tamaa, nimuulize waziwazi kama awaza kufa, na nimlete upesi. Mulungu wangu! Mtu aulizwa hivyo? Asema kuuliza hakumtii wazo kichwani, kwamfungua.

Jumapili, 23 Februari

Tumerudi nyumbani, na Jumwa ameacha vidonge. Havisaidii, ati. Nikamwambia hata muhogo hauvunwi juma lile lile ulipopandwa. Akacheka kidogo. Nikafurahi – mjinga mie!

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi amempa Cynthia kanga zake zote. Mpaka za harusi! "Chukua, mimi za nini." Mtoto ameniletea mbio.

Nikaketi kitandani. Jumwa, wawaza kufa?

Akajibu, "Kila siku, mama. Nimekuwa mzigo."

Kemeo lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia: mzigo wangu mimi, nani amekuomba uutue? Umenambia, vyema. Sikuachi peke yako.

Akaniegemea. Mwepesi! Naandika kwa mkono mmoja, wa pili ameushika. Hataki kwenda, asema amechoka na hospitali. Sibishani naye, wala simwachi.

Garama! Kaite tuktuk, sasa hivi, usingoje kuvaa shati. Cynthia, mpigie yule daktari, mwambie twaja – na umwambie neno lenyewe, usilifunike.