Homa ya Sami

Mwanangu Nada,

Natumai kazi ya Maskati inakwenda na mshono hauumi tena. Jirani yetu Faiza anakuletea barua hii pamoja na halua.

Ulipoondoka tu, kaka yako alipata maambukizi kwenye figo ulilompa. Dawa zinazolilinda lisikataliwe na mwili zimemshushia kinga. Homa ikapanda, tukamrudisha hospitali, madaktari wakahofu figo litaharibika. Sami alinishika mkono: "Mama, usimwambie Nada. Atadhani sikulitunza."

Nikamwambia, "Nada alitaka uwe hai, baba. Hatakuhesabia figo."

Akalia mpaka usingizi ukamchukua.

Alhamdulillahi, homa imekatika na figo linafanya kazi. Wageni bado hawaruhusiwi kumkaribia, lakini mpigie simu wewe. Yeye anaona haya kuanza.

Mamako akuombeaye,
Muzna