Kauli Aliyoifuta Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko kiwandani wanakupa kazi inayolingana na ufundi wako. Sisi hatujambo kiasi. Mama anakohoa, ila anasema ni vumbi la mbao tu. Karakana imepoa. Tangu uondoke, wamebaki Baba na yule Msasa, mpiga rangi wetu, na kitanda kimoja huwachosha kama nyumba nzima.

Juzi mwalimu wa Kiingereza alitufundisha usemi ambao Waingereza huutumia mtu anapofuta kauli yake. Ukiutafsiri neno kwa neno, ni kama kusema, nakichukua tena nilichokisema. Niliinua mkono nikauliza itawezekanaje, ilhali maji yakimwagika hayazoleki. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema usemi huo haukaushi sakafu. Humwambia tu aliyelowa kwamba aliyemwaga amekiri. Akaonya pia kwamba hautumwi kupitia mtu mwingine: husemwa na kinywa kilekile, mbele ya masikio yaleyale.

Jioni niliyasimulia hayo karakanani. Msasa aliangua kicheko, akasema kumbe Waingereza hata matusi huyanunua kwa risiti, yakimbana mtu anayarudisha dukani. Baba aliniomba nimtamkie usemi ule, kisha akawa anaurudia huku akipiga randa: tekitibeki, tekitibeki.

Kesho yake alivaa shati lake la kutokea, akamchukua Msasa, wakaenda kwa yule mama aliyeagiza kabati kwetu. Unakumbuka ni mbele ya hao wawili alipokwambia kwamba huna mkono wa ufundi, na hata kuni usingeweza kupasua. Aliwaambia ameifuta kauli ile. Milango ilitoka mifupi kwa sababu yeye ndiye aliyesoma futi vibaya. Wewe ulikata kama ulivyoambiwa.

Nilifurahi sana, nikamwuliza kwa nini asikuite nyumbani, maana masikio yaliyobaki ni yako. Kaka, hili amenikataza nisikwambie. Alisoma futi vibaya kwa sababu haoni vizuri. Daktari amesema nuru ya macho yake inazidi kupungua, na haitarudi. Sasa vipimo namsomea mimi nikitoka shule. Anasema akikuita leo, utadhani anatafuta fimbo ya kutembelea, si mwana.

Siwezi kumsemea Baba, na wala sijaribu. Ila kukuita naweza. Mama anakusalimu sana. Msasa naye anakusalimu, anasema patasi zako hajamwazima mtu.

Asubuhi, jua likiingia mlangoni, Baba bado humtambua mtu aliyesimama karibu. Njoo, Kaka, kabla hajalazimika kukuuliza wewe ni nani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba