Daftari Nililowakabidhi Askari

Jumanne. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na milima juu ya Uvira haionekani. Afadhali. Leo sitaki kuona wala kuonekana.

Shajara yangu, nilikuacha wiki tatu kwa sababu nilikuwa na daftari jingine la kupenda. Sasa daftari hilo liko mikononi mwa askari, na shemasi Eliya yuko mikononi mwao pia. Mimi niko nyumbani, nimekula viazi, nimeshiba.

Wazungu wa misheni walipoondoka baada ya uhuru, mchungaji alinipa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu. Mimi ni mwalimu wa shule tu, ila niliipokea kazi ile kama mtu aliyetawazwa. Nimepanda milimani Mulenge kwa miguu nikakaa na wazee wachunga ng'ombe. Nimeshuka Kalundu kuwauliza wapagazi wa bandarini ni nani kati yao alibatizwa kwanza. Sheria yangu ilikuwa moja: jina, kijiji, siku. Wanafunzi wangu niliwaambia kwamba habari isiyo na jina ni porojo.

Waasi walioushika mji walipofukuzwa na askari wa serikali, watu walirudi kanisani na mizigo mioyoni. Kwetu dhambi huungamwa mbele ya kusanyiko. Unasimama, unasema, watu wanaimba, wanakuja mmoja mmoja kukupa mkono. Jumapili baada ya Jumapili walisimama. Nami nilikaa benchi la mbele nikiandika, maana niliona hii ndiyo historia yenyewe.

Eliya ni mpagazi wa Kalundu. Alisimama akasema waasi walimbebesha masanduku ya risasi mpaka Mulenge. Lakini si hilo lililomliza. Huko juu walimpa blanketi la mtu waliyemuua, na kwa vile kulikuwa na baridi, alijifunika. Alisema alilala vizuri. Hapo ndipo alipolia mpaka akakaa chini sakafuni.

Nikaandika yote: jina, kijiji, siku, masanduku, blanketi.

Jumamosi askari walikuja kupekua nyumba za mtaa wetu. Daftari hawakuliona, lilikuwa chini ya Biblia. Ni mimi niliyelichukua na kuwapa, ili wajue kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Naliandika hili polepole nisije nikajidanganya baadaye. Niliogopa, nikalitoa.

Jana asubuhi waliniita ofisini. Kapiteni alikuwa amelifungua penye jina la Eliya.

“Mwalimu, ni weye uliandika hii?”

“Ndiyo, kapiteni. Ni minye.”

“Uko na mwandiko muzuri. Na iko kweli?”

Ningeweza kusema ni mfano wa mahubiri. Ningeweza kusema masikio yangu ni mazito, nilisikia vibaya. Lakini aliposifu mwandiko wangu, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikutaka mtu aliyesoma kama yeye adhani naandika uongo.

Nikasema ni kweli.

Kuhusu blanketi hakuuliza. Kabla ya saa sita walimkamata Eliya bandarini, gunia bado liko begani, wakampakia kwenye boti. Wamempeleka wapi, hakuna anayejua. Jioni nilipita kwa wengine walioandikwa, kuwaambia wakimbie. Wawili walinifungia mlango usoni kabla sijasema neno.

Leo asubuhi Mama Neema, mke wa Eliya, amekuja kwenye mvua hii. Nilingoja matusi, na niliyastahili. Alikataa kiti, akabaki mlangoni, maji yanamchuruzika.

“Mwalimu, kila kitu uliandika?”

Nikasema ndiyo.

“Na vile kanisa lilimusamehe? Vile tuliimba, vile weye mwenyewe ulimupa mukono? Ile nayo uliandika?”

Watu wanapoanza kuimba, mimi huweka kalamu chini. Nilidhani sehemu hiyo kila mtu anaijua.

Alivuta kitenge kichwani akaenda zake.

Miaka yote hii nimejiona mlinzi wa kumbukumbu za watu wa Mungu. Kumbe nilikuwa karani wa makosa yao. Ningekuwa sijui kusoma wala kuandika, Eliya angekuwa kwake sasa hivi, anasubiri mvua ikatike aende kazini.

Mchungaji ananiambia nipumzike, nisijilaumu, nyakati ndizo mbaya. Ni mtu mwema, lakini sitaki kufarijiwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye daftari.

Jumapili nitasimama mimi. Nitasema niliogopa nikalitoa, nilisifiwa nikafurahi. Mama Neema hukaa benchi la tatu, upande wa dirisha.

Nitasimama. Sijui kama kutakuwa na mtu wa kuanza wimbo.