Mahali pa Kuweka Sauti ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Simu imejaa. Inaniandikia kila mara — nafasi imekwisha, nafasi imekwisha — kama mwenye nyumba anayetaka chumba chake. Leo nilitaka kumpiga dada picha akiwa na kitambaa cha bluu kichwani. Ikagoma. Na kioo kina ufa sasa, kutoka juu mpaka kwenye namba tano.

Picha si kitu. Zikipotea zipotee. Lakini humo mna sauti ya dada yangu mkubwa, rekodi thelathini na nane. Nilimrekodi miaka minne iliyopita, akili zake zikiwa bado ziko nyumbani. Kiwanda cha sabuni, mabosi, mawifi, mimba zake, kila kitu kasema. Sasa hajui mimi ni nani. Jana kaniita nesi. Lakini nikimwekea rekodi ya saba, nikamtia ule waya sikioni, akajisikia mwenyewe anavyocheka — anafungua mdomo, anakula. Bila hiyo kijiko kinarudi kilivyokwenda.

Simu hii ikifa, dada anashinda na njaa. Ndivyo ilivyo, sipambi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa simu, yule mama mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Akasema, "Weka mtandaoni, bibi. Kwenye wingu." Wingu gani tena? Ninayoyajua mimi hayashiki kitu. Kumbe ni kompyuta za watu, zimejazana kwenye maghala huko mbali, nawe wanakukodishia rafu. Si angesema rafu tangu mwanzo!

Iko ya bure, ndogo, mizigo yangu haienei. Iko ya kulipa kila mwezi. Na iko moja unalipa mara moja tu, basi, maisha. Maisha ya nani? Yangu au ya kampuni? Kampuni yenyewe ina mwaka mmoja tangu ifunguliwe. Nina sufuria kongwe kuliko hao.

Nikamwuliza: nikishindwa kulipa mnanifanyaje? Akasema si yeye, ni wao. Kwanza wanakuzuia kuweka vipya. Wanakukumbusha. Wanakukumbusha tena. Mwisho wanafuta. Hilo angalau ni jibu la mtu mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua ya kulipa, ile ndogo kabisa, kwa mwaka mzima. Ukilipa kwa mkupuo inashuka kidogo. Ni sawa na sabuni ya kufulia ya miezi miwili. Nitafua kwa mkono mwepesi. Neno la siri nimeliandika nyuma ya daftari hili, na fundi aligeuza uso nilipokuwa naliandika. Ana adabu yule.

Kuzipandisha kumechukua tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nilikaa pale dukani nazihesabu moja moja kama vifaranga. Kisha fundi akasema niweke nakala ya pili kwenye flashi, anazo za kuuza. Nikaona, haya, biashara hiyo! Flashi niliyopewa mwaka jana niliifua ndani ya mfuko wa gauni. Nikakataa. Nikazifuta zote kwenye simu nipate nafasi. Akakunja uso.

Nikasema nataka na watoto wasikilize. Hapo swali: hao unaowashirikisha rafu, wawe watazamaji tu au waweze kubadilisha vitu? Akanishauri watazamaji. Nikamwambia kwangu hakuna mtazamaji. Nimefanya usafi kwenye shule ya watu miaka ishirini na sita. Kusoma nimejifunzia huko, nikifuta ubao polepole. Na kila kabati, usiguse. Kila droo, usiguse. Sitamwambia mwanangu usiguse.

Basi wanangu watatu, na binti wa dada, wote nimewapa ufunguo kamili.

Jumamosi, 8 Machi

Kinoo kaja kumwosha mama yake nywele. Ni huyo binti wa dada, kitinda mimba wake. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya ulimi, unanoa visu. Kazi haimpi nafasi siku nyingine.

"Mama mdogo! Na wewe uko mtandaoni? Tumekwisha!"

Nikamwambia apunguze kelele, asikilize sauti ya mama yake, zote anazo sasa. Akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Kasema atazisikiliza kwenye basi akienda kazini, kwa mpangilio, moja mpaka mwisho.

Dada kala vizuri. Supu yote.

Ijumaa, 14 Machi

Rekodi ya saba haipo! Iko ya sita, kisha ya nane.

Nimekwenda kwa fundi karibu mbio, na goti langu hili. Kafungua, kaonyesha. Imeandikwa aliyefuta: Kinoo. Leo, saa moja na dakika kumi asubuhi. Yaani ndani ya basi. Fundi kasema bado imo kwenye kapu la taka, inakaa humo siku thelathini, na mimi mwenye rafu naweza kuirejesha. "Nirejeshe, bibi?" Kidole tayari kiko juu ya kioo.

Nikamwambia asubiri.

Maana nilikumbuka kilichomo. Dada anasema, nilipojua nina mimba ya huyu wa mwisho nililia siku tatu, nikaenda kumtafuta mkunga aitoe, nikaambiwa mkunga kasafiri. Basi Kinoo akazaliwa. Kicheko chake kiko hapo hapo. Nami nasikika pembeni, nacheka.

Nilisahau? Hapana, nisilidanganye daftari. Sikufikiri. Niligawa funguo kama peremende.

Jumapili, 16 Machi

Vijiko vinne tangu juzi. Nimeweka ya kumi na mbili, nimeweka ya ishirini, hageuki. Nikajaribu mwenyewe kucheka kama yeye. Akanitazama kama anayemtazama mwehu.

Kinoo hapokei simu. Kaniandikia: mama mdogo usinitafute wiki hii. Nikamjibu: mama yako hataki kula.

Fundi kanionyesha namna ya kuirejesha na kuihamishia kwenye folda yangu peke yangu, Kinoo asiione. Rahisi kama kuvua kiatu. Lakini nimlishe mama kwa kumficha mtoto? Nitairejesha kesho, atake asitake. Ila asikie kutoka kwangu kwanza, ana kwa ana. Nimemwandikia hivyo hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Kinoo kaja saa sita. Hakwenda kazini. Hakuniamkia — mara ya kwanza tangu ajue kusema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mkacheka."

"Tukacheka. Wewe ulikuwa uani una miaka arobaini na miwili, unamfokea muuza maji kwa sababu ya ndoo moja. Tulikuona dirishani. Mama yako akakuonyesha kwa kidole, ndipo akacheka."

"Hilo halimo."

"Halimo. Rekodi haina macho."

Akasema ninatunga ili nimbembeleze. Nikamwambia mimi nimeanza lini kumbembeleza? Nikamwambia na hili: mama yako hakulifuta lile neno, wala mimi sitalifuta kwa niaba yake. Alilia siku tatu, kweli. Mkunga alisafiri, kweli. Na mimi nimekosa, ilinipasa kukwambia kabla ya kukupa ufunguo. Lakini hali chakula bila kicheko kile, na leo nakirudisha. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Akaangalia mikono ya mama yake. Imekuwa vijiti.

"Leta supu," akasema.

Nimebonyeza. Imerudi, imekaa mahali pake kati ya sita na nane. Kinoo hakutaka waya wa sikioni. Kasema iwekwe wazi, na bakuli apewe yeye.

Naandika hapa mlangoni, nisije nikaingilia. Inacheza. Dada ndani ya simu bado yuko kwenye kiwanda cha sabuni, anamsema bosi. Dada wa kwenye kiti kafumba mdomo. Kinoo kashika kijiko, hajakiinua.

Siku tatu za kilio ziko dakika ya nne. Kicheko kiko ya tano. Sasa ni ya tatu na nusu.