Salamu za Juu ya Baiskeli

Jumatatu, 4 Juni 1951

Temeke mpaka Kinondoni bila kushuka. Mara ya kwanza tangu nianze kufundisha kule. Hata mchanga wa Jangwani haukunitoa kitini.

Magoti hayaumi. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alichomeka kipande cha bomba la maji chini ya siti, ikapanda shubiri nzima. Mwaka mzima nimeendesha nimejikunja, magoti yakigonga usukani, mgongo ukiwaka moto, nikiingia darasani wanafunzi wanacheka chini kwa chini. Na hii ndiyo baiskeli kubwa kuliko zote dukani kwa Gulam. Alisema wanaozitengeneza huko Ulaya hawajapata habari zangu.

Kasoro moja tu. Kupanda, lazima nianzie kibarazani. Nikishuka njiani kwenye mchanga, sipandi tena mpaka nipate jiwe. Basi sishuki.

Jumatano, 6 Juni

Nimempita Mzee Yohana, seremala wa Keko, baba yake Anna. Nilipunguza mwendo, nikamwamkia kwa adabu zote. Hakuitika. Randa ilikuwa inapiga kelele, labda hakusikia.

Jana pia hakusikia.

Posa yangu iko kwake tangu Pasaka. Mzee Matayo, mshenga wangu, anasema nisiwe na pupa. Ni rahisi kusema ukiwa na mke na wajukuu.

Alhamisi, 7 Juni

Upepo wa mbele kutoka Magomeni. Mtu mrefu juu ya siti ndefu anaupokea wote peke yake. Nimechoka. Usiku nimelala nimekunja miguu kama kawaida. Kitanda cha kupanga, ubao wa miguuni haunionei huruma.

Jumamosi, 9 Juni

Mzee Matayo amekuja, amekaa, amekunywa chai, hakusema kitu mpaka kikombe kilipokwisha. Nikajua si heri.

Mzee Yohana hajakataa. Hajakubali pia. Kuna karani wa reli naye ameleta posa, mtu mfupi, anatembea kwa miguu. Nilipouliza kosa langu, Mzee Matayo alinipa maneno ya mzee kama yalivyo:

“Kijana ananiamkia kutoka juu. Asubuhi juu, jioni juu. Huyo akishakuwa mkwe atanisalimia kutoka wapi, darini?”

Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Kwetu bara mtoto mdogo anajua: ukimkuta mzee, unashuka kwenye baiskeli, ndipo unaamkia. Mimi nilijua. Nilifundishwa na marehemu baba kwa fimbo. Lakini nilifurahia magoti yangu mno, nikadhani shikamoo ikisemwa vizuri inatosha.

Jumapili, 10 Juni

Nimemwona Anna baada ya ibada, mbele ya kwaya nzima, kwa hiyo dakika mbili tu. Nilimwambia najua kosa langu. Hakucheka, ila alitaka.

“Mie urefu wako haunisumbui,” alisema. “Baba ndiye anaumwa shingo.”

Kisha akasema karani wa reli amealikwa chakula Jumapili ijayo. Mchana sikula.

Jumatatu, 11 Juni

Nimetoa bomba. Siti chini kabisa. Nimeshuka hatua kumi hivi kabla ya karakana, nikaisukuma baiskeli, nikasimama, nikaamkia. Mzee Yohana alinitazama. Kutoka alipokuwa ameinama bado ilimbidi ainue uso. Akarudi kwenye randa.

Kwa hiyo si baiskeli peke yake. Ni mimi. Siti naweza kushusha, miguu nitaipeleka wapi? Nimekasirika njia nzima, na magoti yamegonga usukani njia nzima.

Alhamisi, 14 Juni

Kila siku nashuka, naamkia, sijibiwi. Goti la kulia limevimba. Mwalimu mkuu ameuliza kama nimeanguka. Nikasema ndiyo, ni fupi kueleza.

Nimewaza kurudisha bomba na kupita njia ya Ilala, nisimwone tena. Ni njia ya woga, tena nzuri, haina mchanga. Sikuipita.

Jumapili, 17 Juni

Karani amekula kwa kina Anna leo. Nimekaa chumbani na maji ya moto juu ya goti. Nampenda Anna. Sijawahi kuliandika hivi, na kuliandika hakujasaidia chochote.

Jumatano, 20 Juni

Goti limegoma. Nimetoka nyumbani kwa miguu, baiskeli pembeni nikiiegemea. Nimemwamkia Mzee Yohana nikichechemea. Hakuitika, lakini aliacha randa. Akanitazama goti, akaitazama siti, kisha akanitazama mimi mpaka juu, taratibu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Ijumaa, 22 Juni

Mzee Matayo amepita jioni, hakuingia ndani. Naitwa Keko kesho. Hakuambiwa sababu. Kama ni kukataliwa, heri niambiwe na mwenyewe.

Jumamosi, 23 Juni

Nimekwenda. Mzee Yohana alikuwa na penseli mdomoni. Kabla sijasema neno alinionyesha kwa kidole mbao mbili ndefu alizolaza sakafuni, nikaelewa nilale. Nikalala chali, kwenye mabaki ya randa, na shati langu la ibada.

Alizunguka. Akatoa penseli mdomoni.

“Nyoosha miguu,” alisema. “Yote.”

Nikagundua nimejikunja. Nikainyoosha.

Akapiga mstari penye kisigino, akaongeza kiganja kimoja cha nafasi, akapiga mwingine. Kwao kitanda cha harusi hutoka kwa baba wa bibi harusi. Anna alikuwa mlangoni, amejifunika mdomo kwa kanga. Sikuthubutu kuinuka.

Ndipo nikakumbuka sijamwamkia. Nikasema shikamoo, mzee, pale pale chini. Ilimbidi ainame kunitazama.

“Marahaba, mwanangu,” akasema, akaenda kutafuta msumeno.

Jioni nimerudisha bomba kwenye baiskeli. Pale Keko nitashuka. Jiwe la kupandia nimeshaliona, karibu na mlango wao.