Jina la Didier Lina Mwenyewe

Kashikishi, tarehe 24 Februari 1998

Mama mpendwa,

Jambo yako mama, na jambo ya wote hapo nyumbani Katuba. Mgongo unaendeleaje, na ile mvua ya Lubumbashi bado inaingia jikoni? Mimi ni mzima. Malaria imenipitia mara moja tu tangu Krismasi, na sasa nakula vizuri, maana nimeacha kuuza samaki. Napika kwenye meli.

Usicheke. Si meli ya kwenda Ulaya. Ni chombo kidogo cheupe chenye vitanda kumi na viwili, cha muzungu mmoja aliyetoka Lusaka na wazo kwamba watu watapenda kuzunguka ziwa letu la Mweru kwa starehe. Na kweli wanakuja. Tunang'oa nanga Nchelenge, tunasimama Kisiwa cha Kilwa wakaone mahali wafanyabiashara wa watumwa walipojenga boma lao zamani. Tunavuka upande wetu wa Congo, Lukonzolwa, wakatazame makaburi ya Wabelgiji wa kwanza, kisha Pweto, kisha tunarudi hadi mdomo wa mto Luapula kwa ajili ya viboko na ndege. Mama, nimeona watu wazima wenye mvi wakilala kifudifudi juu ya sitaha kumtazama ndege mmoja, na hawataki hata kumla. Mimi niko chini nakaanga vitunguu.

Neno moja tu linanisumbua. Njia yetu inapita kati ya kisiwa na mji wa Kilwa, palepale mtumbwi wa kaka yetu, yaya Didier, ulipozama. Tukifika, nahodha wetu Mwelwa anazima injini na kurusha unga wa mihogo majini. Watalii wanadhani analisha samaki, wanapiga picha. Mimi sipandi juu mpaka tupite. Ni mwaka wa pili sasa nalala kando ya ziwa hili, na maji yale siwezi kuyatazama.

Barua hii anakuletea Chola, dereva wa lori la samaki. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mzuri ila anapenda kupeleka maneno.

Mwanako wa mwisho,
Angèle

Lubumbashi, 15 Machi 1998

Kwa mwanangu Angèle,

Chola alifika, akanywa maji, akala pia. Sisi wote tuko salama, mgongo ni uleule, tumezoeana. Nimefurahi kwamba una kazi, ingawa sijaelewa watu wasio na shida wanatafuta nini majini.

Didier anakusalimia. Najua neno hilo bado ni zito kwako, kwa sababu hukuwepo Oktoba tulipofunga matanga. Mwaka ulikuwa umetimia, mwili haukupatikana, na wazee walisema roho ya kaka yako haiwezi kubaki nje bila mtu wa kuichukua. Kwa hiyo Kabamba, mtoto wa baba yenu mdogo, aliketishwa kwenye mkeka, akapewa jina na mshipi wa marehemu, na Fidélie, mjane wake, akapewa mume. Tangu siku hiyo yeye ndiye Didier. Watoto wanamwita papa. Mimi namwita mwanangu. Ukiandika, usiandike tena Kabamba, jina hilo alilivua. Fidélie ana mimba, tumbo limeanza kuonekana.

Nikuambie ukweli, kuna siku namsikia akikohoa chumba cha pili, nageuka nikidhani ni yule wangu. Namwita, anaitika, na sauti si ile. Lakini mimi nilizika mkeka mtupu, Angèle. Nashukuru kuna mtu anayeitika.

Mama yako,
Berthe

Kashikishi, 7 Aprili 1998

Mama mpendwa,

Jambo. Habari ya mgongo sitauliza leo, unisamehe. Nina neno la kukuambia tangu juzi.

Meli yetu haiwezi kuingia bwawa la Mofwe, maji ni mafupi. Watalii wanashuka mdomoni mwa mto na kupanda mitumbwi ya watu wa huko, wanaosukuma kwa pondo katikati ya matete. Patron, yule muzungu mwenye meli, alitaka niende nao kubeba chai. Mtumbwi uliokuwa mbele yetu ulisukumwa na mtu mmoja mwembamba, amenipa mgongo. Kila akiliegemea pondo lake alipiga mluzi mdogo katikati ya meno. Mama, unajua ni nani aliyepiga mluzi hivyo akichota maji, akifunga kamba, hata kanisani mpaka ukamfinya.

Mtalii mmoja akanyosha kidole. Ndege mkubwa wa kijivu alikuwa amesimama kwenye majani, mdomo wake kama kiatu cha askari. Wote walimgeukia, na yule mtu akageuka pia. Ni uso wa yaya. Amekonda, ana kovu shavuni ambalo silijui, lakini ni uso wake. Alinitazama, akatazama maji, akaendelea kusukuma. Chai ilinimwagikia mapajani na sikusikia moto.

Jioni nilimuuliza Mwelwa yule ni nani. Akasema, "Ule? Jina hana. Batu ba Mofwe banamwita Mugeni tu. Alikuja na mvua." Nikauliza alitoka wapi. Akasema, "Mama Angèle, ku maji mutu haulizake sana."

Tunarudi huko kila safari. Mama, nimwite? Niambie la kufanya, mimi naogopa.

Angèle wako

Lubumbashi, 20 Aprili 1998

Angèle,

Tulikula Pasaka vizuri, wote wazima. Nimesoma barua yako mlangoni nikiwa nimesimama, nikaketi chini.

Usimwite. Unasikia? Jina lile lina mwenyewe. Didier yuko hapa uani, nikiandika anagonga misumari kwenye banda la kuku. Ukilitaja jina lake huko majini kwa mtu usiyemjua, utamvuta huyu wa hapa, na Fidélie ana mimba. Vivuli vya waliozama vinapenda nyuso tunazozililia.

Fanya alivyofanya bibi yako, siku dada yake alipoonekana sokoni baada ya kuzikwa. Kivuli hakigusi chumvi. Pika bukari ya unga wa mihogo, samaki umtie chumvi nyingi, umwekee chakula mbele yake, usiseme neno. Akikataa, rudi melini bila kugeuka, tutasoma misa. Akila, sijui. Mama yangu hakunifundisha la kufanya akila.

Angèle, kovu ni la shavu gani?

Mama

Kashikishi, 21 Mei 1998

Mama yangu,

Nakusalimu, na nakuomba ukae chini kabla ya kusoma.

Alikula.

Samaki nilimtia chumvi mpaka nikaona haya, mimi mpishi. Watalii walikuwa wamepelekwa Mwansabombwe kuona mji wa chifu Mwata Kazembe, na mitumbwi ilikuwa ikiwangoja pembeni ya matete. Nilimwekea sahani, nikafunga mdomo kama ulivyosema. Akanawa, akamega, akaonja. Kisha akanitazama na kucheka kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Munyu yote hii! Mama njo alikutuma." Akala vyote, akalamba vidole, huku machozi yanamshuka. Kovu ni la shavu la kushoto.

Mtumbwi ulipozama aliogelea mpaka upande wa Kilwa. Ulikuwa mwaka ule wa vita, wanajeshi walikuwa wanapelekwa vitani kaskazini, wakamkuta ufukoni na kumtwika mizigo yao. Walikwenda naye Moba, kisha Kalemie. Walipomwacha alikuwa mgonjwa, akalala kwa watu mwaka karibu wote. Alirudi kwa miguu. Alipofika Kasenga mwezi wa Desemba alikuta dereva wa lori la samaki, akamuuliza kama anajua jamaa ya Didier wa Katuba. Dereva akamjibu, "Didier? Nilimusalimia jana, alikuwa kwake na bibi yake Fidélie."

Yaya anasema alitazama mikono yake kuona kama ipo. Hakumwambia dereva kitu. Alivuka mto siku hiyo, na tangu hapo hajamwambia mtu jina. Nilimuuliza mbona hukuja hata kubisha hodi, akasema, "Nitabisha, batauliza ni nani, nitasema nini? Didier alikufaka. Balimulilia, balimaliza matanga, balimupa mungine."

Hana hasira, mama, na hilo ndilo linaloniumiza. Anauliza kitu kimoja tu. Aje nyumbani, au asije?

Mwanako Angèle

Lubumbashi, 24 Juni 1998

Mwanangu,

Salamu kwako. Najua umengoja mwezi mzima, na najua kuna mwingine aliyengoja zaidi. Siku niliyopata barua yako niliingia chumbani nikaimba peke yangu, wimbo wa kumpokea mtoto, mpaka Fidélie akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni mgongo.

Kesho yake Kabamba alianguka. Ona, mkono wangu umeandika jina lake la zamani. Alianguka uani, homa haishuki, anasema kuna mtu anayemwita kutoka majini. Hospitali wamempa sindano, haikusaidia. Chola naye, sijui alisikia kwa nani, hakufunga mdomo, aliwaambia watu kuna mpiga pondo wa Mofwe mwenye uso wetu. Sasa wazee wamekuja. Wanasema jina moja likiwa na watu wawili, mmoja atakufa. Wanataka kujua kama yule wa Mofwe alikula chumvi. Sijawajibu. Nilisema bado nangoja barua yako.

Nisikilize vizuri. Kama alikula, Kabamba atavuliwa jina mbele ya watu akiwa mgonjwa hivyohivyo. Fidélie atarudishwa kwao na tumbo lake, na watasema alilala na mwanaume mwingine mume wake akiwa hai. Mtoto hatakuwa na baba wa kumtaja. Na yule wangu, mtu aliyekwisha kuliliwa sijawahi kuona anapokelewa mlangoni. Watu watamkimbia njiani. Kama hakula, ni kivuli tu, watampikia Kabamba dawa na maneno yataisha.

Sikuambii uandike nini. Naweza kumtaka mwanangu kwa nguvu zote, na kila asubuhi namwona Fidélie akishika tumbo. Jibu lako litasomwa mbele ya wazee Jumapili ya kwanza likifika, baada ya misa. Andika ukijua hilo.

Mama yenu

Kashikishi, 3 Julai 1998

Kwa mama yangu Berthe na kwa wazee wote wa jamaa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi Angèle nilimwona mtu wa Mofwe kwa macho yangu. Nilimwekea bukari na samaki mwenye chumvi, kama tulivyofundishwa. Hakunyosha mkono. Nilirudi melini bila kugeuka. Mtu yule si wetu. Kaka yangu Didier yuko Katuba na namwombea apone.

Angèle, dada wa Didier

Mama, karatasi hii ya pili ni yako peke yako.

Nilimsomea barua yako ndani ya mtumbwi. Mahali pa Fidélie nilimsomea mara mbili kwa sababu aliomba. Akauliza mtoto atazaliwa lini. Halafu akasema, "Andika kwamba sikukula. Fidélie asipate haya juu yangu. Na Kabamba, ule mutoto alinipendaka sana." Nikamwambia siwezi kuandika kwamba kaka yangu ni kivuli. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, mama, na ngozi imeota sugu kwa ajili ya pondo.

Kwa hiyo nimeandika. Nimelia mpaka patron akaniuliza nani amekufa nyumbani.

Mtoto wako

Lubumbashi, 19 Julai 1998

Angèle wangu,

Jambo ya asubuhi kutoka kwetu sote. Barua ilisomwa. Wazee walitikisa kichwa kukubali, wakapika dawa yao, na siku ya tatu Didier akaomba uji. Jana alitembea mpaka barabarani. Fidélie amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kwa hasira. Hakuna anayezungumza tena habari za Mofwe, hata Chola.

Na mimi nimenyamaza pamoja nao. Lakini tangu siku ile nikiita Didier, huyu wa hapa anaitika, na mimi nabaki nimesimama nikisubiri wa pili. Wanadhani masikio yangu yameanza kuzeeka.

Sasa nina ombi. Muulize patron wako kama kuna nafasi ya mama mmoja mzee kwenye meli yake mwezi ujao. Nitalala popote, hata jikoni kwako, na vitunguu nitakumenyea. Nyumbani nimewaambia nakwenda kukutembelea tu. Patron akitaka kujua nakuja kutazama nini, mwambie ndege.

Tukifika Mofwe, unipandishe kwenye mtumbwi wa yule mtu, mimi na yeye tu. Umwonye asiniite mama mbele ya watu, na mimi sitamwita kitu. Nitakaa nimemtazama, naye asukume polepole.

Mama